Programu ya Zamani na Kahawa ya Januari

Walisema sitamaliza hata muhula wa kwanza. Nilipomaliza chuo wakasema sitapata kazi, na nilipopata kazi Dar es Salaam wakasema sitarudi. Niliporudi wakabakiwa na utabiri mmoja tu, kwamba sitaweza kurudisha pesa za watu. Bingwa wa utabiri huo alikuwa baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yangu, pale nyumbani Kamachumu, wilayani Muleba. Aliusema mbele ya wageni huku akitafuna punje za kahawa kama wazee wa kwetu, bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza kwamba kesho itanyesha.

"Huyu ataweza yote," alisema, "ila hilo litamshinda. Nshomile halipi. Nshomile anaeleza."

Nshomile ni neno letu la Kihaya, maana yake "nimesoma". Akikuita hivyo mama yako, unanyoosha mgongo. Akikuita hivyo baba mdogo, unaangalia viatu vyako.

Kwanza niseme ya upande wangu. Mimi ni wa kwanza katika ukoo wetu kupata stashahada. Ni ya uhasibu, na imetundikwa dukani kwangu ndani ya fremu ya kioo. Dar nilifanya kazi miaka mingi katika kampuni ya vipuri vya magari. Nilianza kwa kupanga ankara, nikaishia kushika hesabu za kampuni nzima. Nilirudi Bukoba kwa gari langu mwenyewe, nikiliendesha mwenyewe, nikafungua steshenari karibu na soko. Leo ina mashine mbili za kopi na printa ya rangi. Nilizoea kusema kwamba hakuna aliyenishika mkono. Nilisema hivyo kanisani, nikasema hivyo harusini, na nasikia aibu kukumbuka kwamba nilisema hivyo mara nyingine mbele ya watu walewale walionishika mkono.

Kwa maana walikuwepo. Baba alifariki nikiwa nimemaliza kidato cha sita, na ada ya chuo ikatoka kwa watu watano: baba mdogo mwenyewe, shangazi yangu aliyeolewa Maruku, mzee mmoja wa kanisa letu la Kilutheri, mjane jirani yetu, na binamu wa mama huko Rubafu. Haikuwa zawadi. Walisema ni mkopo, nami nikakubali mbele ya mama kwamba ni mkopo. Ila hakuna aliyeandika chochote.

Nyumbani kwetu mwenye kukopesha hataji kiasi. Anayedaiwa ndiye anayekuja nacho, mdomoni na mkononi. Ukienda kwa mtu ukamuuliza, "Hivi nilichukua ngapi kwako?", ni kama umemwambia kwamba jasho lake lilikupita kama upepo. Nimewaona watu wazima wakinuniana hadi kaburini kwa swali hilo. Kwa hiyo mdaiwa lazima akumbuke.

Mimi sikukumbuka, niliandika. Na sikuandika kwenye daftari kama wauza dagaa. Mkurugenzi wa ile kampuni ya vipuri alikuwa na CD ya programu ya hesabu za nyumbani, aliyoinunua safarini na kuisahau kabatini, akanipa. Unaingiza mshahara, matumizi, akiba na madeni yako, nayo inakuchorea duara lenye vipande vya rangi. Ilitengenezwa kwa ajili ya familia za Wazungu. Ilikuja na mafungu yake ya matumizi tayari: ada ya klabu ya gofu, daktari wa mbwa, mafuta ya kupashia nyumba joto. Gofu nikaigeuza kuwa harusi na misiba. Daktari wa mbwa akawa dawa za ng'ombe wa mama. Mafuta ya kupashia nyumba joto niliyaacha kama yalivyo, nikayaandikia bia.

Kwenye ukurasa wa madeni niliwaingiza wote watano, kila mmoja na kiasi alichonipa hadi shilingi ya mwisho, wakati kumbukumbu ilikuwa bado mbichi. Kila mwisho wa mwezi niliufungua ukurasa huo, nikatazama majina yao yaliyopangwa vizuri, nikajiona mtu mwaminifu, nikaufunga. Sikulipa. Nilinunua kitanda, nikanunua televisheni, nikaanza kuweka pesa za gari, na programu ikaandika vyote bila kunilaumu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba kuandika deni ni nusu ya kulilipa.

Miaka ikaenda. Kampuni iliyotengeneza programu ile ikaacha kuitengeneza. Kompyuta zikabadilika, yenyewe ikabaki vilevile, na mimi nikaanza kuibeba kutoka mashine moja hadi nyingine kama mtu anayebeba mzazi wake mgongoni. Nilipotoka kwenye kompyuta ya mezani kwenda kwenye laptopu, nikaihamisha. Laptopu iliyofuata ilipoikataa, kuna mahali nilipoweka alama ya vema ili mashine ijifanye ya zamani, ikakubali. Kurasa zake za msaada zilipoacha kufunguka sikujali, nilikuwa nimezikariri. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliwahi kuniuliza kwa nini nisinakili kila kitu kwenye jedwali la kawaida nikaachana na mzigo ule. Nilimwambia kwamba jedwali ni la watu wasiojua kazi. Wateja dukani nao niliwasimulia, hata wale waliokuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa tu.

Kisha nikapewa kipaza sauti.

Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti wa baba mdogo aliyekuwa anaolewa Mwanza. Mshereheshaji alinitambulisha kama mtaalamu wa fedha, nikasimama, suti ikiwa imenikaa vizuri. Ningepaswa kumtakia binti heri nikakaa. Badala yake niliwapa wazee wangu somo juu ya butura.

Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, ingali maua au kijani, miezi mingi kabla haijaiva. Mnunuzi anakupa pesa leo kwa bei anayoitaka yeye, na msimu ukifika kahawa ni yake. Serikali inakataza, vyama vya ushirika vinakemea, na kila Januari watu wanauza. Nilisema butura ni ujinga. Nilisema mkulima anayeuza maua hastahili kulalamikia umaskini. Nilirudia neno ujinga, kwa sababu mara ya kwanza watu wa nyuma walikuwa wanapiga gumzo. Shangazi alikuwa meza ya mbele. Namkumbuka akishusha macho, akaanza kuondoa makombo kwenye kitenge chake, moja moja. Nilidhani ananisikiliza kwa makini.

Halafu, kwa kuwa makofi yalikuwa mazuri, nikaongeza ahadi. Nilisema Krismasi ile nitamlipa kila aliyenisomesha, wote siku moja, hadi shilingi ya mwisho, na kila mmoja atapata karatasi yake yenye hesabu iliyochapishwa.

"Ziko zote kwenye kompyuta yangu," nikasema, "na kompyuta yangu haikosei."

Baba mdogo alisubiri makofi yaishe. "Karatasi zije," akasema kutoka alipokaa. "Tumepungukiwa za kufungia karanga." Watu wakacheka hadi mshereheshaji akashindwa kuendelea.

Wiki chache baadaye laptopu yangu ilizimika na haikuwaka tena.

Sikuogopa mwanzoni. Niliifungua, nikatoa diski yake ngumu, nikaiweka kwenye kasha la kuunganisha kwa waya, na mafaili yote yalikuwepo. Nikanunua laptopu mpya kabisa, nyembamba kama sahani. Haikuwa na hata tundu la CD. Nikatafuta kisoma CD cha nje, nikakipata. Nikaingiza CD, mashine ikaniambia kwa adabu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Alama ya vema iliyonisaidia zamani sasa haikusaidia kitu. Nikanakili folda nzima kutoka diski ya zamani, ikafunguka nusu, ikaomba faili ambalo halipo. Nikalitafuta faili hilo, nikalipata, ikafunguka zaidi kidogo, kisha ikataka kujiandikisha kwa seva ya kampuni yake. Seva hiyo ilishazimwa zamani.

Faili la madeni nililishika mkononi, lakini hakuna programu nyingine iliyoweza kulisoma. Na kichwani kwangu hamkuwa na kitu. Nilijaribu kukumbuka. Baba mdogo, ni laki tatu na ngapi? Shangazi alinipa mara mbili au mara tatu? Nilikuwa nimekabidhi kumbukumbu yangu kwa mashine ili niwe huru kufikiria mambo makubwa, na sasa sikuwa nayo. Krismasi ilikuwa inakuja. Nisipoifungua programu ile, ningelazimika kuzunguka nyumba tano nikiuliza lile swali lisiloulizwa, mimi niliyewaambia watu mia mbili kwamba siwezi kukosea.

Mke wangu akasema niende tu kwa shangazi, shangazi ni mtu wa watu. Nikamwambia hajui anachosema. Akasema anajua sana.

Basi nikafanya kitu ambacho, hata katika aibu hii, bado najivunia. Niliijenga kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Kuna programu za kufanya hivyo: unaitengea nafasi kwenye diski na kiasi cha kumbukumbu, nayo inaamini kwamba ni mashine kamili inayojitegemea, iliyozaliwa miaka ishirini iliyopita. Nilihitaji mfumo wa zamani wa kuiwekea, na nilikuwa na CD yake. Ila namba zake za siri zilikuwa kwenye kibandiko chini ya laptopu iliyokufa, na kibandiko hicho nilikuwa nimekisugua kwa magoti yangu miaka yote ile hadi kikawa cheupe. Nilikipeleka dirishani, nikakiinamisha kwenye jua, nikakipiga picha kwa simu kwa pembe mbalimbali, nikakuza picha hadi nikaanza kutofautisha nane na herufi B. Ilichukua siku kadhaa za kubahatisha. Mfumo wa zamani ukakubali. CD ya programu ikasomeka, nikaiingizia faili la madeni. Programu ikawaka ndani ya kijidirisha bila kuiulizia ile seva, ikiwa na rangi zake zilezile za kizamani, na majina matano yakiwa yamepangwa kama nilivyoyaacha.

Nilimwita mke wangu aje aone. Nilimwita hata msichana wa duka la jirani anayeuza vocha. Mke wangu akatazama, akasema, "Sasa lipa."

Mashine ile ya ndani haikuijua printa yangu, kwa hiyo nikatoa karatasi kama PDF, nikazihamishia nje, nikazichapa kwa rangi. Nilikuwa na haraka, ilikuwa siku mbili kabla ya sikukuu. Nikaziweka kwenye bahasha, kila bahasha na pesa zake, nikawasha gari kwenda Kamachumu.

Nilianza na baba mdogo kwa makusudi. Nilitaka anyamaze kwanza. Nilimkuta barazani, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu kama mila ilivyo, nikachukua punje mbili. Nikampa bahasha kwa mikono miwili. Pesa akaziweka pajani bila kuzihesabu. Karatasi akampa mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa, kwa sababu macho yake hayasomi tena maandishi madogo.

Mkamwana akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Imeandikwa dola," akasema.

"Dola ngapi?" akauliza baba mdogo.

"Dola laki tatu na nusu, taata," akajibu, yaani baba kwa Kihaya.

Baba mdogo akaacha kutafuna. "Mwiteni mwenyekiti wa kitongoji," akasema. "Aje kabla mtu hajabadili mawazo."

Nikaichukua karatasi. Ilikuwa kweli. Kwenye laptopu yangu ya zamani nilikuwa nimebadilisha alama ya fedha kuwa ya shilingi miaka mingi iliyopita, nikasahau kwamba niliibadilisha. Mashine ya ndani ilizaliwa upya na dola zake, na programu ikazichukua. Hata tarehe zilikuwa za Kimarekani, mwezi mbele na siku nyuma. Nikaanza kueleza. Nilieleza mipangilio ya nchi, nikaeleza mfumo wa zamani na mpya, na nilipokuwa naeleza nikamwona mkamwana anauma midomo asicheke. Nshomile anaeleza.

"Ni shilingi, taata," nikamaliza. "Ni kosa la kompyuta."

"Kompyuta yako haikosei," akasema. "Tuliambiwa." Kisha akajipangusa machozi ya kicheko kwa kiganja. "Na usiifute dola, mwanangu. Ikiwa dola, pengine itakaribia bei ya kahawa niliyouza mwaka ule."

Mkamwana akacheka, nami nikacheka pamoja nao, nikifurahi kwamba tumeondoka kwenye mambo ya alama. Kisha nikauliza, kwa kuendeleza mazungumzo tu, ni kahawa gani.

Baba mdogo akanitazama. Hakuwa anatania tena.

"Chuo kilitaka ada mwezi gani?"

"Januari."

"Na Januari mtu wa hapa pesa anazitoa wapi?"

Hakuna mtoto wa Muleba asiyejua jibu.

"Niliuza kahawa ya kibanja kizima, kijani," akasema. "Kwa theluthi ya bei. Shangazi yako vilevile. Na yule mjane. Mzee wa kanisa sijui, labda yeye alikuwa na akiba." Akazigonga zile pesa pajani kwa kidole. "Hizi ndizo walizotupa wanunuzi. Hizi ndizo tulizokupa. Umelipa ulichoandika, mwanangu. Asante."

Alisema asante kwa moyo safi, na hicho ndicho kilichonimaliza. Nilibeba bahasha nne zilizobaki, nikarudi garini. Nilikaa ndani nikiwa nimeshika usukani bila kuwasha. Nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe kwenye kipaza sauti. Mkulima anayeuza maua. Nililisema hilo mbele ya shangazi, ambaye maua yake ndiyo yaliyonilipia mwaka wa kwanza. Na ningeweza kusema kwamba sikujua, lakini hata hilo ni la aibu. Nilikuwa mtoto wa nyumba ile. Msimu uliofuata nilirudi likizo nikakuta watu wageni wanachuma kwenye kibanja, shamba la kahawa na migomba la baba mdogo, wakivunja matawi kwa haraka, nami sikuuliza. Nilikuwa nimeketi ndani nasoma kanuni za uhasibu.

Miaka yote ile niliihangaikia programu isife, na haikufa. Kiasi ilichokihifadhi kilikuwa sahihi kabisa, na hakikuwa deni langu.

Ahadi ya Krismasi ikavunjika hapo. Nilirudi Bukoba na bahasha zangu, na wote waliokuwa wametabiri walipata walichotabiri. Mke wangu nilimweleza yote. Nilitegemea atanionea huruma. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha.

"Umekaa miezi unafufua kompyuta," akasema, "ili usimuulize mtu swali moja. Na swali lenyewe bado liko palepale."

Sikukuu zilipopita nikaenda Maruku. Shangazi alikuwa shambani nyuma ya nyumba, nikamfuata huko. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayakosa. Nikauliza kama mtoto anayesoma ubaoni: mwaka ule niliokwenda chuo, uliuza gunia ngapi kwa butura?

Aliegemea jembe lake. Nilijua kinachopita kichwani mwake, kwamba mtoto wa kaka yake amekuja kumuuliza deni. Akaniambia niache, yeye alinipa pesa na pesa nilikuwa nimekuja nazo, kahawa aliiuza mwenyewe, mimi sikumtuma. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Kusema kweli, mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga nje. Pesa za bahasha nilikuwa nazo, za kahawa sikuwa nazo.

Nikamwambia kwamba siku ile ya sherehe nilisema maneno mabaya.

"Ulisema ni ujinga," akasema shangazi. "Sikukasirika, mwanangu. Ni ujinga kweli. Lakini ada ilikuwa Januari."

Kisha akanishika mkono, akanitembeza kati ya migomba. Akanionyesha kwa jembe: kutoka njia ya kisimani mpaka kwenye mparachichi, mibuni yote ile. Gunia tatu, akasema. Na la nne mnunuzi alijichumia tu upande wa pili wa njia, na shangazi hakuwa na mtu wa kumsemea, mumewe alikuwa amelazwa.

Baada ya hapo kuuliza kukawa rahisi kidogo, si sana. Mjane alilia, sijui kwa nini, hakusema. Mzee wa kanisa kumbe naye aliuza, ila aliona aibu kwa sababu alikuwa akihubiri dhidi ya butura. Binamu wa mama Rubafu alicheka akasema yeye aliuza mbuzi, na mbuzi nisimhesabie watoto wake. Niliamua kulipa gunia kwa gunia, kwa bei ya msimu unaokuja, bei yoyote itakayotoka mnadani. Mke wangu alipiga hesabu na mimi, tukairudia mara ya pili. Bei za miaka hii si za wakati ule.

Nikauza gari. Sitajifanya kwamba lilikuwa jambo dogo. Gari lile nililipenda, nilikuwa naliegesha mbele ya kanisa mahali ambapo kila anayetoka lazima alizunguke. Aliyelinunua anafanya kazi mtaa wa pili, na kila siku linapita mbele ya steshenari yangu. Pesa zake hazikutosha, nikajazia na mapato ya duka, mwezi baada ya mwezi, hadi msimu ulipofika na bei ya mnada ikatangazwa.

Siku ya kulipa nilianzia Rubafu asubuhi kwa bodaboda. Sikuwa na karatasi. Nilikaa kwa kila mmoja muda mfupi, nikataja kiasi kwa mdomo, nikampa kwa mikono miwili. Kwa binamu wa mama nililipa thamani ya mbuzi, sikuhesabu watoto. Shangazi Maruku alizishika pesa akaingia nazo ndani, akakaa huko kidogo, akatoka akiwa amenawa uso. Akanifungia ndizi za kupeleka nyumbani. Nikabadilisha bodaboda, nikaenda kwa mzee wa kanisa na kwa mjane, nikamalizia kwa baba mdogo, ambaye kwenye kiasi chake nilipunguza zile laki tatu na nusu alizokwisha kupokea.

Barazani kwake kulikuwa na wazee wenzake wawili. Safari hii alizihesabu, polepole, akilowesha kidole. Akawaambia wenzake kwa Kihaya kwamba mwana wa kaka yake amelipa. Nilikaa nikisubiri mzaha, na nilikuwa nauhitaji. Ungenipunguzia aibu. Aliniuliza tu nimekuja na usafiri gani, nikasema bodaboda, akatazama barabarani mahali ambapo gari langu lilizoea kusimama, akamwambia mkamwana alete chakula.

Nilifika dukani jua bado lipo. Nikaona nimalize kazi kama inavyotakiwa. Nikafungua laptopu, nikawasha ile mashine ya zamani iliyo ndani yake, nikaenda ukurasa wa madeni, nikaingiza malipo ya siku ile, mtu kwa mtu. Nilipobonyeza, majina yote matano yakageuka rangi. Programu ilikuwa imetoa kile nilicholipa kwenye kile nilichoandika zamani, na ikaona nimezidisha. Sasa ilionyesha, kwa wino wake wa kijani, kwamba mimi ndiye ninayewadai wao. Shangazi nilikuwa namdai mamilioni.

Mke wangu alikuwa ametoka shuleni, amesimama nyuma yangu na madaftari ya wanafunzi kifuani. Akasoma skrini hadi mwisho.

"Haya," akasema. "Maruku unakwenda kudai lini?"

Sikumweleza kitu. Nikarudisha kurasa nyuma hadi Januari ya mwaka wangu wa kwanza chuoni, nikafuta kiasi kilichokuwa mbele ya jina la shangazi, nikaanza kuandika alichonipa: kahawa, gunia nne.